Pombe, Uuzaji wa Ngono na Afya ya Akili Kenyenya: Mwongozo kwa Anayetaka Kusaidia

Uuzaji wa ngono, matumizi ya vileo na ugonjwa wa akili hukutana mara nyingi ndani ya mtu mmoja, na kila kimoja hukipa kingine nguvu. Namna vinavyokutana hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Pwani ya Kenya, heroini ndiyo iliyoleta maafa makubwa, na ndiyo maana kliniki ya kwanza ya methadoni, iliyofunguliwa Mathari jijini Nairobi mwezi Desemba 2014, ilifuatwa upesi na nyingine Malindi na Mombasa mwaka 2015. Kenyenya, mji wa soko katika Kaunti ya Kisii karibu na mpaka wa Transmara, kinachotawala ni pombe: chang'aa na busaa za majumbani, na chupa ndogo za pombe kali kwenye baa za sokoni. Bangi ipo, kwa kuwa barabara ya kutoka Isebania kupitia Migori hadi Kisii imekuwa njia yake kwa miaka mingi. Miraa, muguka na tembe za usingizi zipo pia. Hata hivyo, mtu anayetaka kumsaidia mwanamke au mwanamume aliyenaswa katika hali hii hapa Gusii, yaani eneo la Wagusii la Kisii, huanza kwa kuuliza habari za pombe, kwa sababu ndiyo inayoshika mambo mengine yote na ndiyo inayoweza kuua haraka zaidi.

Mwongozo huu unamlenga ndugu, jirani, mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii au kiongozi wa kanisa ambaye ana mtu wa namna hiyo karibu naye na hajui aanzie wapi.

Mambo haya yanavyozaana

Swali la kwanza watu wanalouliza ni kipi kilitangulia. Jibu hutofautiana, na tofauti hiyo ina maana kwa matibabu.

Kwa baadhi ya watu kidonda cha moyo ndicho kilichotangulia. Mwaka 1998 daktari Vincent Felitti na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 9,000 walioulizwa juu ya mateso ya utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kuishi na mzazi mlevi au mgonjwa wa akili, kushuhudia mama akipigwa. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso hayo walikuwa katika hatari kubwa mara 4 hadi 12 ya kuwa walevi, kutumia dawa za kulevya, kuugua sonona au kujaribu kujiua. Msichana aliyenajisiwa na mtu wa nyumbani hujifunza mapema kwamba mwili wake hauna mlinzi. Anapogundua kwamba pombe hunyamazisha kumbukumbu, hata kama ni kwa usiku mmoja, huirudia. Ngono ya kulipwa huja baadaye, mara nyingi kwa kuwa pombe inahitaji pesa na yeye amekwisha kutoka nyumbani.

Kwa wengine kazi yenyewe ndiyo iliyoleta maradhi. Mwanamke aliyeanza kuuza ngono akiwa na akili timamu na deni la karo hukutana na wateja wanaokataa kulipa, wanaovua kondomu, wanaompiga, na askari wanaomtisha. Hunywa kidogo ili apate ujasiri wa kuingia chumbani na mtu asiyemjua. Miezi ikipita, kidogo hakitoshi. Utafiti uliofanywa Nairobi mwaka 2019 kwa wanawake zaidi ya 1,000 wanaouza ngono uligundua kwamba karibu robo yao walikuwa na sonona ya kiwango cha kati au kikali, na mmoja kati ya kumi alikuwa amefikiria au kujaribu kujiua siku za karibuni. Utafiti unaotajwa zaidi duniani, ule wa Melissa Farley wa mwaka 2003 uliohusisha watu 854 katika nchi tisa, ulipata asilimia 68 wakiwa na dalili za mshtuko wa muda mrefu unaofuata mateso. Takwimu hiyo isomwe kwa tahadhari, maana wengi wa waliohojiwa walipatikana mitaani au katika vituo vya msaada, mahali wanapokwenda walioumia zaidi. Ule wa Nairobi uko karibu zaidi na maisha ya mwanamke wa Kenya.

Njia ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo huonekana sana vijijini: pombe kwanza, deni, kisha ngono. Mtu hunywa kwa mkopo kwa mpika chang'aa hadi deni linakuwa kubwa kuliko anachoweza kulipa kwa kibarua cha majani chai au ndizi. Hakuna anayeita malipo ya namna hii biashara. Hakuna bei inayotajwa, na huenda mwenyewe asijitambue kabisa kama mtu anayeuza ngono. Ndiyo maana mhudumu wa afya anayeuliza kama mtu anafanya biashara ya ngono hupata jibu la hapana, na mlango hufungwa hapo hapo. Swali linalopata ukweli ni lile linaloulizwa kwa upole: je, kuna siku analazimika kulala na mtu ili apate pombe, chakula au mahali pa kulala?

Ardhi, ndoa na chungu cha chang'aa

Gusii ina sababu zake ambazo mtu wa Nairobi hawezi kuziona kwa urahisi. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na mashamba yamegawanywa kati ya wana kizazi baada ya kizazi hadi mengine hayatoshi mboga za nyumba moja. Mwanaanthropolojia N. Thomas Håkansson, katika kitabu chake cha 1988 kuhusu mahari, wanawake na ardhi miongoni mwa Wagusii, alieleza jinsi ndoa zisizotolewa ng'ombe zilivyoongezeka na jinsi zilivyowaacha wanawake bila pa kushika. Mwanamke asiyelipiwa mahari hana haki inayotambuliwa kimila katika shamba la mume. Akifukuzwa akarudi kwa wazazi, ndugu zake wa kiume na wake zao humwona kama mgeni anayekula sehemu ya watoto wao. Kinachobaki ni chumba cha kupanga sokoni.

Ndani ya chumba hicho, kazi inayohitaji mtaji mdogo kuliko zote ni kupika chang'aa. Sukari nguru hupatikana kwa wingi katika maeneo ya miwa ya Transmara na Awendo, kuni hununuliwa kwa mkopo, na wateja hawakosekani. Mpishi huonja ili kupima ukali. Mteja humnunulia glasi ili akae naye. Mwingine hubaki baada ya wenzake kwenda. Msako wa chifu na polisi ukija, chungu humwagwa, mtaji wote hupotea kwa dakika chache, na faini hulipwa kwa pesa ambazo mwanamke huyo hana namna nyingine ya kuzipata usiku ule isipokuwa kwa mwili wake. Misako ina sababu zake, kwani pombe isiyo na kibali imeua watu wengi nchini. Lakini msako usiofuatwa na msaada wowote kwa mpishi humsukuma ndani zaidi ya kile kinachodaiwa kukomeshwa.

Wanaume nao wamo. Wapo vijana wanaolala na wanaume au wanawake wenye fedha ili wapate pombe au bangi, na kwao aibu ni nzito mara mbili, kwa hiyo huchelewa zaidi kutafuta daktari. Na kila mwanamke anayeuza ana wanunuzi: mwendesha bodaboda, mfanyabiashara wa ng'ombe wa siku ya soko, mwalimu, mume wa mtu. Mazungumzo ya kijiji yanayomtaja mwanamke peke yake huficha nusu ya ugonjwa, pamoja na njia ambayo virusi vya Ukimwi hupitia kurudi nyumbani. Utafiti wa 2010 na 2011 ulikadiria kuwa karibu asilimia 29 ya wanawake wanaouza ngono walikuwa na virusi hivyo. Kwa watu wazima wote, utafiti wa 2018 ulipata asilimia 4.9.

Kutambua dalili

Sonona haimfanyi kila mtu alie. Huonekana kama uchovu usioisha, usingizi unaokatika saa tisa za usiku, kutokula, hasira ndogo ndogo kwa watoto, kuacha kuoga au kuacha kwenda kanisani, na maneno kama "afadhali nisingekuwapo." Zikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ni ugonjwa unaohitaji tiba. Mshtuko wa baada ya mateso huonekana kwa ndoto za kutisha, kushtuka kwa sauti ndogo, kukwepa njia au chumba fulani, na wakati mwingine mtu kuonekana yupo huku akili iko mbali. Kusikia sauti zisizosikika na wengine au kuamini kwamba watu wote wanamwinda ni dalili za saikosisi. Bangi nyingi, hasa kwa vijana, na pombe ya muda mrefu huweza kuileta au kuichochea.

Uraibu wa pombe hupimwa kwa maswali manne ambayo mtu yeyote anaweza kuyauliza. Je, amewahi kuona kwamba anapaswa kupunguza? Je, huudhika watu wanapomkosoa kwa kunywa? Je, hujisikia na hatia kwa sababu ya kunywa? Je, hunywa asubuhi ili atulize mikono au aondoe uchovu? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kumpeleka kwa daktari, na jibu la ndiyo kwa swali la mwisho lina uzito kuliko mengine yote.

Kosa linalogharimu maisha ni kusoma dalili hizi kama uchawi. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, kaunti hii hii ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashtaki kuwa wachawi. Familia inayomweleza mgonjwa wake kwamba amerogwa huweka watu wawili hatarini: mgonjwa anayekosa dawa, na bibi wa jirani anayetajwa jina. Kumwendea mganga wa miti shamba au kumwombea mgonjwa hakumzuii mtu kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo.

Mazungumzo ya kwanza

Mahali ni nusu ya mazungumzo. Si pale anapopikia au kunywea, si mbele ya watoto, wala si katika kikao cha ukoo. Shambani asubuhi kabla hajanywa, au njiani kutoka sokoni, panafaa zaidi. Aitwe kama anavyoitwa kila siku, mama wa fulani, dada, au omong'ina kwa Kigusii ikiwa ni mtu mzima, ili ajue bado ana nafasi yake miongoni mwa watu. Matusi ya kazi yake anayasikia kutosha.

Anayesaidia huanza na kile ambacho mwenyewe analalamikia, hata kama kinaonekana kidogo: usingizi, maumivu ya tumbo, mtoto aliyefukuzwa shule. Hamdai aache kuuza ngono kabla ya kusaidiwa. Sharti hilo, ambalo hutolewa kwa nia njema na makanisa mengi, huwafukuza wale wale walio katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa kodi ya chumba inadaiwa mwisho wa mwezi iwe ametubu au hajatubu. Mtu anaweza kuanza dawa za sonona, akapunguza pombe na akapata kondomu na kinga ya Ukimwi akiwa bado kazini. Wengi wanaoacha kazi hiyo huacha baada ya akili na mwili kupata nafuu.

Siri ni suala zito katika mji ambao muuguzi anaweza kuwa binamu wa mgonjwa. Anayesaidia asitaje jina la mtu katika sala ya kikundi, hata kwa nia ya kumwombea. Mgonjwa anayeogopa kuonekana katika hospitali ya Kenyenya ana haki ya kutibiwa Ogembo, Kisii au Kilgoris, na nauli ya matatu inaweza kuwa msaada wa kwanza wenye maana ambao familia inampa.

Kuacha pombe bila kufa

Hapa ndipo nia njema huua. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miezi au miaka mwili wake umezoea pombe, na ikikatizwa ghafla mfumo wa neva hulipuka. Ndani ya saa 6 hadi 24 huanza kutetemeka, kutokwa jasho, kutapika, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Degedege huweza kuja katika siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa, huona wadudu au watu wasiokuwapo, hupata homa na kupigana na wanaowauguza. Hali hii ya mwisho, isipotibiwa, huua.

Kwa hiyo kumfungia mlevi ndani "hadi pombe imtoke" ni hatari, na kumwingiza katika mfungo wa sala wa siku tatu bila chakula ni hatari zaidi. Anayekunywa asubuhi ili asitetemeke, aliyewahi kupata degedege alipoacha, mjamzito, mwenye umri mkubwa au mgonjwa mwingine wa mwili anapaswa kuacha pombe chini ya uangalizi wa hospitali. Huko hupewa dawa ya kutuliza kama diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, vitamini B1 iitwayo thiamini ili ubongo usiharibike, maji na chakula. Ikiwa hospitali haifikiki siku hiyo, ni salama zaidi kwake kuendelea kunywa kiasi kidogo kidogo hadi afikishwe kuliko kukata kabisa. Ni ushauri mgumu kusikika katika nyumba ya Waadventista, ambao dini yao inakataza pombe, lakini ndio unaookoa.

Diazepamu haifai kununuliwa dukani na kutolewa nyumbani. Ikikutana na chang'aa tumboni inaweza kusimamisha pumzi. Vivyo hivyo tembe za usingizi ambazo baadhi ya watu huchanganya na pombe ili walewe haraka, au ambazo wezi wa baa huwatilia watu kwenye glasi. Mtu aliyelala akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida na asiamke anapotikiswa alazwe ubavu na apelekwe hospitali, asiachwe "alale tu."

Degedege ikitokea, mgonjwa aondolewe vitu vigumu vilivyo karibu, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni. Ikizidi dakika tano au ikirudia, ni dharura.

Dharura nyingine nne

Pombe yenye methanoli haitofautiki kwa harufu wala ladha. Mwezi Mei 2014 iliua watu wengi katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 iliua wengine Kirinyaga. Dalili ya hatari ni macho kuona ukungu au giza, maumivu makali ya kichwa na tumbo, na kupumua kwa kasi, mara nyingi saa kadhaa baada ya kunywa, wakati ambapo mtu anadhani ni hangova. Kila saa inayopotea huongeza uwezekano wa upofu na kifo. Wote waliokunywa kutoka chungu kile kile wapimwe, hata wasio na dalili.

Ubakaji hutendeka kwa wanaouza ngono kama kwa wengine, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haiwatoi katika ulinzi wake. Aliyebakwa anahitaji kufika hospitali kabla ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo zake zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, maana mfuko wa plastiki huharibu ushahidi. Matibabu hayasubiri polisi, na fomu ya P3 ya polisi haitozwi pesa. Nambari ya taifa ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia ni 1195, na kupiga ni bure.

Mtu anayezungumzia kufa aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, humpa ruhusa ya kusema. Asiachwe peke yake, na dawa za mashambani ziondolewe nyumbani au zifungiwe kwa jirani siku hiyo hiyo. Familia nyingi zilikuwa zikificha majaribio ya kujiua kwa kuogopa polisi, kwani Kanuni ya Adhabu iliyafanya kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba.

La nne linahusu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Wengi huziruka siku wanazokunywa, wakiamini kwamba dawa na pombe vikichanganyika ni sumu. Kuruka dawa ndiko kunakoleta madhara makubwa zaidi: virusi hupata nafasi ya kuzaana na kuwa sugu. Mtu aliyelewa ameze dawa zake kwa wakati wake.

Njia ya matibabu

Mlango wa kwanza ni mhudumu wa afya ya jamii na zahanati iliyo karibu. Kutoka hapo ni Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kenyenya, ambako mtu anaweza kupimwa, kutibiwa magonjwa ya zinaa, kupewa kondomu na kuanzishiwa tembe za kila siku za kuzuia maambukizi ya Ukimwi, ambazo serikali ilianza kuzitoa mwaka 2017. Matatizo mazito ya akili na uachaji pombe wenye hatari hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Mathari ndiyo hospitali kuu ya akili nchini, lakini kumpeleka mtu Nairobi kabla ya kujaribu Kisii ni kumtenga na ndugu ambao atawahitaji atakaporudi. Kujiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kufanywe mapema kwa *147#, kabla dharura haijafika.

Zamani wengi waliokuwa wakiuza ngono walihudumiwa katika vituo vya pekee vilivyofadhiliwa na Marekani, vyenye wahudumu waliozoea hali yao. Misaada iliposimamishwa Januari 2025 vituo vingi vilifungwa, na wagonjwa wakaelekezwa hospitali za kawaida. Ni pigo halisi. Kwa sababu hiyo mtu wa kumsindikiza mgonjwa siku ya kwanza, akaketi naye foleni na kumtetea akinenewa vibaya, ana umuhimu zaidi kuliko zamani.

Dawa za sonona kama fluoksetini huchukua wiki 2 hadi 4 kabla nafuu haijaonekana, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifai. Mazungumzo ya ushauri nayo ni tiba. Mombasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha wanawake 818 wanaouza ngono ambao walikunywa kwa kiwango cha hatari lakini hawajawa waraibu. Nusu walipewa vikao sita vifupi vya ushauri kuhusu pombe, wengine vikao vya lishe. Baada ya miezi 6 na 12, waliopata ushauri wa pombe walikunywa kidogo zaidi, na walipata ukatili mdogo zaidi wa kingono kutoka kwa wateja. Maambukizi ya magonjwa ya zinaa hayakutofautiana, kwa hiyo ushauri hauondoi haja ya kondomu na vipimo. Lakini vikao sita ni kitu ambacho muuguzi wa zahanati anaweza kufundishwa, na hiyo ni habari njema kwa mahali pasipo na daktari wa akili.

Kituo cha kibinafsi cha kurekebisha waraibu kisichoweza kuonyesha cheti cha NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, kisilipwe. Familia iulize pia kama kuna daktari wa kusimamia siku za kwanza, na kama mgonjwa anaruhusiwa kutembelewa. Kituo kinachomfunga mtu kwa nguvu, kumpiga au kumnyima mawasiliano kikimbiwe. Nambari ya bure ya NACADA ni 1192.

Sheria kwa ufupi

Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 153 na 154, humwadhibu anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mwingine. Anayejiuza mwenyewe hukamatwa zaidi kwa sheria ndogo za kaunti na miji. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa, lakini kuipika na kuiuza bila leseni bado ni kosa. Bangi inabaki haramu.

Aliye chini ya miaka 18 yuko katika fungu lingine kabisa. Mtoto haingii katika biashara ya ngono, anaingizwa, na Sheria ya Makosa ya Ngono inaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemwezesha au kunufaika naye. Mwalimu au jirani anayejua apige 116, nambari ya bure ya watoto, au aende kwa ofisi ya watoto. Kusuluhisha kimya kimya kati ya familia kwa mbuzi au pesa ni kumrudisha mtoto kwa aliyemdhuru.

Haki ya ardhi ni sehemu kubwa ya tiba kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, humhesabu binti sawa na mwana, awe ameolewa au hajaolewa, na Katiba ya 2010 inapiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Mwanamke aliyefukuzwa shambani anaweza kufungua kesi katika mahakama ya Ogembo, na chama cha mawakili wanawake, FIDA, kina ofisi Kisumu.

Miezi baada ya nafuu

Kuteleza na kunywa tena ni jambo la kawaida, na hutokea zaidi katika miezi ya mwanzo. Siku ya mtelezo, familia ifanye mambo matatu: ihakikishe hajaumia, imrudishe kliniki wiki hiyo, na imwulize nini kilitangulia, kama ni siku ya soko, mteja wa zamani, deni au kumbukumbu ya kifo. Jibu hilo ndilo litakaloonyesha pa kuziba. Aliyeteleza baada ya miezi ya kutokunywa ajue pia kwamba mwili haustahimili tena kiasi cha zamani.

Kipato kingine kianze kidogo na kianze mapema, wakati bado anatibiwa: kuuza ndizi au mboga, kushona, kufuga kuku. Chama cha wanawake kinachompa mkopo kisimpe pesa zote mkononi. Kimnunulie bidhaa, kwa makubaliano naye, hadi miezi michache ipite. Kuhama chumba kilicho jirani na mpishi wa chang'aa husaidia kuliko ahadi yoyote, na kodi ya miezi miwili mahali pengine ni gharama ambayo kanisa dogo linaweza kuimudu.

Watoto wake wasisahaulike. Wamezoea kulala njaa, kutumwa pombe na kusikia mama yao akitukanwa shuleni. Mwalimu anayemwona mtoto wa namna hiyo akisinzia darasani amfuatilie kama mgonjwa mwingine katika nyumba ile ile, na kliniki inayomtibu mama iulizwe itawaona lini.